Kwani alarm "ikigo off" yalia ama yazima? Jibu langu, refu kidogo

Mdogo wetu wa training ya security kauliza hivi: mwalimu wao aliandika ubaoni "the alarm went off at 0240", yeye akaelewa alarm ilizimwa saa nane na dakika arobaini usiku, akakatwa maksi akaambiwa maana yake ililia. Sasa yuauliza, kama ni hivo mbona stima zikipotea twasema "the lights went off"? Off gani hii ya kulia na kuzima kwa pamoja? Nimeona wawili watatu wamemjibu Kiingereza ni wazimu tu, kariri upite mtihani. Mie hiyo ya kukariri siiungi mkono kwa sababu "go off" ina maana nyingi, ukianza kukariri moja moja utachoka kabla hujafika kati, na mbaya zaidi kuna zengine zinapingana.

Mie nimekaa mapokezi ya hoteli huku Pwani Kaskazini miaka, zaidi zamu za usiku, na maneno haya mawili nimeyaskia kwa wageni wa kila aina, mengi yao wakiwa na hasira manake mtu hapigi simu mapokezi saa tisa usiku kukusalimia. Kwa hivo nieleze vile mie naielewa, wenye kujua zaidi watarekebisha.

Kwanza, off tulifundishwa na ukuta. Mtoto hata kusoma hajajua ashajua swichi ina upande wa ON na upande wa OFF, na OFF ni giza. Basi neno likatukaa kichwani kama ni kuzima, na kila pahali tukilikuta twataka lizime kitu. Lakini off ni neno kongwe sana kuliko swichi. Zamani off na "of" yalikuwa neno moja, wakatengana kabisa kwenye miaka ya 1600 huko, mmoja akabaki na kazi ndogo ndogo za "ya" na "wa", mwengine akachukua maana ya kutoka, kubanduka, kuachana na pale ulipokuwa. Swichi ya taa ile ya kukata haraka, yenye kufanana na hizi zetu za ukutani, ilitengenezwa na John Henry Holmes kule Newcastle mwaka 1884, na wakati huo Waingereza walikuwa wanasema "go off" toka enzi za mababu zao. Kwa hivo ukitaka kuielewa usianzie kwa taa, anzia kwa bunduki.

Bunduki ya zamani ukishaikoki, ile springi imebanwa, inangoja. Ukigusa kifyatulio springi yaachia, baruti yashika, risasi yatoka. Mwingereza asema "the gun went off". Ni kitu kilichokuwa kimezuiliwa kikatoka pale kilipozuiliwa. Sisi twasemaje? Imefyatuka. Si imezima, si imewaka, imefyatuka, na hii -uka ya mwisho ndo ile ile ya kubanduka, kung'oka, kuchomoka, yaani kitu kuachana na kilipokuwa kimeshikwa. Mizinga ile mnayopiga nayo picha pale Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, ikilipuka ilikuwa "goes off" hivo hivo. Na kutoka kwenye bunduki hizo ndo wakapata msemo "go off half-cocked", manake mtambo wa bunduki ulikuwa na pahali pa nusu pa kuuweka isilipuke ovyo, sasa ikifyatuka ikiwa hapo nusu ina maana imetoka kabla ya wakati. Leo wasema hivo kwa mtu anayekurupuka na jambo hajajipanga, na hao twawajua, wengine wako humu humu.

Haya, alarm. Neno lenyewe latoka kwa Kitaliano, all'arme, yaani kimbilieni silaha, ukelele wa vita. Baadae likaja likapewa saa. Saa zile za kutia ufunguo, nyumba nyingi za Mji wa Kale zilikuwa nazo, ile ya kukuamsha ina springi yake ya kengele peke yake, imebanwa na kijichuma, ikifika saa uliyoiweka kijichuma chaachia kengele yalia. Ni bunduki ile ile bila baruti. Na sasa skiza lugha yetu wenyewe, wengi twasema KUTEGA alarm. Nimetega alarm saa kumi na moja. Wewe mwenyewe ushaiita mtego! Mtego wa panya ukitegwa wafanya nini panya akigusa? Wafyatuka. Basi "the alarm went off" ni mtego umefyatuka, kelele ndo imetoka. Ukiishika hiyo hutasahau tena, na hiyo ndo ingekuwa jibu langu la sentensi moja kama ningekuwa na adabu ya kuandika sentensi moja.

Hii mie nimeishuhudia na macho yangu. Kulikuwa na maarusi wamechukua chumba, jamaa zao wakawatilia udi kwenye chetezo, udi wa maana ule, chumba kizima moshi. Kile kidude cha moshi cha darini hakijui udi na moto, kikaanza kulia, kikanyamaza, kikalia tena. Jirani yao bibi mmoja wa Kiingereza akapiga simu, "the alarm next door keeps going off". Fundi wa zamu, kijana mpya, kapanda mbio, kafika kaangalia juu kaona kitaa cha kijani, akamwambia bibi kwa heshima zote, madam it is on. Bibi akasema I know it's on, it keeps going off! Kijana akasema no madam, it is not off, it is on. Mpaka nafika juu wamekaribia kushikana mashati na maskini wote wawili wasema kweli. Ilikuwa on, na kwa sababu ilikuwa on ndo ikawa inago off. Alarm iliyo off haiwezi kugo off.

Rudia hiyo ya mwisho mara mbili. "The alarm IS off" ni imezimwa. "The alarm WENT off" ni imelia. Kitenzi cha mbele ndo kimebadilisha kila kitu, na mtihani wako wapenda sana pahali hapo. Ukitaka kusema umeinyamazisha ni "I turned it off". Ukitaka kusema nini kiliifanya ilie ni "set off", the incense set off the alarm, yaani kufyatuka ni go off na kufyatua ni set off. Usiseme moshi "went off the alarm", hapo umevunja sarufi. Na mvuke wa bafu la moto vilevile huiset off alarm, nakwambia hiyo kwa faida ya kazi, kabla hujaita zimamoto angalia kama mgeni ametoka kuoga mlango wa bafu uko wazi.

Taa sasa. "The lights went off", "the power went off", hapa ndo ile ya swichi, mkondo umekatika, taa zimetoka kwenye hali ya kuwaka. Maana ile ile ya kutoka, ila alarm ilikuwa kimya ikatoka kwenye ukimya, taa zilikuwa zinawaka zikatoka kwenye kuwaka. Kila kimoja kimeacha hali yake. Ndo maana unaweza kusema "the alarm went off when the power went off" na hakuna Mwingereza atakayekuna kichwa. Kwa taa utaskia pia "went out", kwa stima zikirudi ni "came back on". Hapo hapana mambo mengi.

Chakula ndo pahali pana utamu. "The milk has gone off", maziwa yameharibika, yameachana na uzima wake. Hii ni ya Waingereza, Mmarekani atakwambia "gone bad" au "spoiled". Na hapa Kiingereza chaona aibu mbele ya Kiswahili wallahi, manake wao go off moja yamaliza jiko zima, sisi wali umechacha, tui limechacha, nyama imevunda, embe limeoza, mkate umeota kuvu, na samaki usipomwahi na barafu kutoka soko la Kongowea mpaka kwako kwa jua hili hata huna haja ya neno, harufu yatangulia yenyewe. Ila usiitumie kwa mkate uliokauka tu, huo ni "stale", go off ni kitu kikishakuwa hakiliki.

Basi weita mmoja pale kwetu, mtu mzuri sana mcheshi, aliambiwa na mgeni "I think the prawns have gone off". Akajibu na tabasamu, no sir, they have not gone, we have plenty in the kitchen. Mgeni akamwangalia vile. Tulicheka, lakini mie hata simlaumu kwa sababu kuna mtego mwengine hapo hapo, kwenye mikahawa ya Uingereza mhudumu akikwambia "the fish is off" yaweza kuwa samaki amekwisha leo hakuna, yaani ameondolewa kwenye menyu. Kwa hivo "the prawns are off" ikisemwa na weita kamba wamekwisha, ikisemwa na mgeni baada ya tonge la kwanza kamba wameoza, kimbia ukamwite meneja. Neno halijabadilika, aliyelisema ndo tofauti. Na ndo hiyo off ya "the match is off", mechi imevunjwa, "the deal is off", makubaliano yameisha.

Halafu geuza sentensi uone maajabu. "The coffee has gone off" ni kahawa imeharibika. "I've gone off coffee" ni mie ndo sina hamu nayo tena, imenitoka rohoni, kahawa yenyewe haina neno. Waja wazito wasema sana hii, I've gone off eggs, I've gone off fish, harufu tu yamkirihi. Na kwa watu pia yatumika, "she's gone off him", kamtoka moyoni, hakuna ugomvi hakuna nini, basi tu hamtaki. Angalia kuwa kile kitu kinachokaa baada ya off hakiingii katikati, ni "gone off it", usije ukaandika "gone it off". Mtihani ukikuletea sentensi ya go off na chakula, usikimbilie kuoza, tizama kwanza nani ndo amego off, chakula au mla chakula.

Hii inayofuata wengi hawaijui hata waliosoma. Jamaa yangu fundi wa mawe alikuwa ana kazi ya mzee mmoja Mwingereza kule Mtwapa, wanapiga plasta, mzee akaja akagusa ukuta na kidole akasema vizuri, it's gone off. Fundi alikuwa na msaidizi anayejua Kiingereza cha maziwa, akamwambia plasta imeharibika yuasema mzee, wakaanza kuiparura na mwiko. Mzee nusura azimie. Kwa mafundi wa Kiingereza simiti, plasta, na hata ile resini ya kutengenezea maboti ya faiba, ikigo off maana yake IMESHIKA, imetoka kwenye umaji maji imekuwa ngumu, sasa unaweza kuendelea na kazi. Yaani maziwa yakigo off mwaga, plasta ikigo off shukuru Mungu. Mtu akikwambia kariri maana ya go off muulize atakariri ipi hapo. Lakini ukirudi kwa kutoka, kuachana na hali ya kwanza, zote zaingia.

Na mtoto akigo off amelala. Mama wa Kiingereza akikwambia kwa sauti ya chini "he's just gone off" basi punguza redio, mtoto kapitiwa sasa hivi, usimuulize kaenda wapi. Maumivu nayo, "the pain went off", yamepoa.

Zile za kuondoka nazipita mbio kwa sababu hazina shida. "He went off to Malindi", kaenda zake Malindi. "She went off with my charger", kaondoka na chaja yangu, na kama ni "went off with my husband" basi hiyo ni kesi nyengine na hapa si pahali pake. "Go off duty", kutoka zamu, hii wewe wa security utaitumia kila siku. Redio ikiacha kutangaza "goes off air". Mtu akiacha mada "goes off on a tangent", tangent ni ule mstari wa hesabu unaogusa duara halafu ukaenda zake moja kwa moja, kama mie ninavyofanya kwenye jibu hili. "Go off the rails" ni treni kutoka relini, lakini ukiiskia sanasana wanamsema mtu, kijana wa watu alikuwa sawa kisha akaharibikiwa.

Shughuli pia zago off, na hapa ni uzuri. "The wedding went off well", harusi imepita salama salimini, hakuna aliyegombana kwa ajili ya biriani. "Went off without a hitch", bila kukwama pahali. Mara nyingi utaikuta na neno la kuelezea pembeni, well, smoothly, as planned, ukiiacha tupu "the wedding went off" yakaa vibaya, msomaji atangoja umalizie.

Hasira nazo. Mmarekani akisema "she went off on me" maana yake kanirukia, kanifokea, kanimwagia yote ya moyoni. Ni bunduki ile ile tena imefyatuka, safari hii mdomoni. Ona hiyo "on" ya baada ya off, ndo yakuonyesha risasi zimemwendea nani. Na vijana wa siku hizi mwaona kwenye Instagram watu waandika "go off sis!", hiyo imetoka kwa Wamarekani weusi na ni sifa, yaani endelea, wape, kama vile kwenye taarabu mtu asimama na noti kwenda kumtunza mwimbaji. Ukiambiwa hivo usikasirike ukadhani umefukuzwa.

Mkorofi atauliza, sasa nikiikuta kwenye mtihani nafanyaje? Mie naangalia nani au nini kimego off, halafu natizama baada ya off kuna nini. Kitu cha kutegwa, kimefyatuka. Kitu cha stima kinachowaka, kimezima. Cha kuliwa, kimeharibika. Cha ujenzi, kimeshika. Mtu akifuatwa na "to" au "with" kaondoka, akifuatwa na "on" na mtu mwengine kafoka, akifuatwa na kitu bila chochote katikati basi hakitaki tena. Utakosea mara moja moja lakini si kama wa kukariri. Halafu kuna kidokezo cha wakati, chakula na plasta mara nyingi zaja na "has gone off" kwa sababu twaongelea hali iliyopo sasa, alarm na bunduki zaja na "went off" kwa sababu ni tukio lenye saa yake.

Sasa kwa mdogo wetu na kazi yake. Kwenye kitabu cha OB, kile cha kuandikia matukio ya zamu, mie nakushauri hii go off usiiandike kabisa. Mwalimu wako yuko sawa kwa maana, lakini ripoti yaweza kusomwa na mtu wa bima, na polisi, na meneja ambaye Kiingereza chake ni cha swichi kama changu na chako, na pakiwa na kesi hutaki watu wazima wakae mezani wabishane kama saa hiyo alarm ilikuwa yalia au imezimwa na soja. Andika "alarm sounded". Ukiinyamazisha andika "alarm silenced", ukishairudisha paneli ya alarm kwenye hali yake ya kawaida andika "panel reset", na kwenye paneli nyingi za moto utaona vitufe vyenyewe vimeandikwa hivo hivo silence na reset, kwa hivo hakuna wa kukubishia. Stima zikipotea andika "power failed", zikirudi "power restored", na kila moja na saa yake pembeni, saa ya ishirini na nne si ya Kiswahili. Kama hivi: 0240 alarm sounded, second floor. 0243 room checked, smoke from incense, no fire. 0245 alarm silenced. 0250 panel reset.